Bibi wa Sifuri Tano Nane

Jumatatu, 3 Julai

Mwaka wa mwisho umeanza leo na tayari nimepata aibu. Nimekwenda ofisi ya usajili kifua mbele, najua nimebakiza utafiti wangu wa nyenje na kozi mbili nyepesi. Karani akatazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akatazama tena kompyuta. Akasema, dada Nuan, mbona hujafanya kuogelea?

Nilijua! Nilitumaini tu kwamba kompyuta haijui.

Kuogelea ni kozi ya mwaka wa kwanza, lazima kwa kila mtu. Lakini mwaka wetu wa kwanza ulikuwa wa korona. Bwawa lilifungwa, sisi tukasomea vitandani na simu usoni. Mwaka wa pili nikaugua mafua kila Jumatano. Mwaka wa tatu niliingia mwezini mara nne ndani ya mwezi mmoja, mpaka Mwalimu Bunthom wa kuogelea akanishauri nikajionyeshe hospitali, maana kiumbe wa namna hiyo hajapata kutokea. Nikajitoa kwenye kozi kabla hajaniandikia barua ya hospitali yeye mwenyewe.

Sasa hakuna pa kukimbilia. Mita ishirini na tano bila kugusa ukingo, la sivyo sipewi shahada. Na muhula wa pili kozi haifundishwi. Mama kule Yasothon ameshashonesha gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu. Ameshaalika hata watu asiowapenda.

Naogopa maji. Haya, nimeandika. Kwetu maji ni ya kunywa na ya mpunga, mtu hazamishi kichwa chake humo kwa hiari.

Jumatano, 5 Julai

Darasa la kuogelea ni la watoto watupu! Miaka kumi na minane, ngozi kama mayai. Mimi na ishirini na mbili zangu katikati yao. Lakini kofia ya mpira na nguo ya kuogelea humfanya kila mtu awe sawa, na Mwalimu Bunthom, abarikiwe, alijifanya hanijui.

Nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono yote miwili. Msichana mfupi, mabega mapana, akaja akielea karibu yangu kama yuko sebuleni kwao. Akasema, we, unatoka kitivo gani? Mdomo wangu ukajibu: Sheria. Mwaka wa kwanza? Mdomo ukajibu: ndiyo.

Sikuutuma! Ila nikiri, nilisikia utamu. Miaka miwili sasa kila mdogo akiniona anaunganisha viganja kwa heshima, dada huku, dada kule. Huyu kaniita 'we' na kunirushia maji usoni. Mimi sikuwahi kuwa mwaka wa kwanza. Nilikuwa picha ndogo pembeni ya skrini, kipaza sauti kimezimwa.

Jina lake Khaopun. Mama yake alikuwa na hamu ya tambi za mchele na mchuzi wakati wa mimba, basi mtoto akaitwa hivyo hivyo. Yuko Kilimo, anatoka Nong Khai, kwao wanafuga samaki kwenye vizimba mtoni. Kilimo ni kitivo changu mimi!

Mchana Kop akaniletea orodha. Kop ni wa mwaka wa tatu, ukoo wangu wa namba. Hapa kwetu tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili ndizo ukoo: sisi ni sifuri tano nane. Wa mwaka wa tatu ni mjomba. Wa mwaka wa nne ni bibi, hata kama hana mvi hata moja. Wa mwaka wa kwanza ni mjukuu, naye anatumiwa zawadi na vidokezo kwa siri mpaka agundue bibi yake ni nani, au mpaka siku ya kufungwa uzi wa baraka mkononi, tunapojitokeza wote. Wa mwaka wa pili hatuna, alihamia chuo kingine, basi kazi yote ni ya Bibi na Mjomba.

Nikasoma orodha. Sifuri tano nane, mwaka wa kwanza: Khaopun wa Nong Khai.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mjukuu wangu kanirushia maji! Kop hakucheka. Alisema nikae mbali naye, siri ni siri. Kop ana uso wa mtu anayelipa kodi mapema.

Mimi nimeshaamua. Mwaka huu ni wa mwisho, na nina wa kwanza ninaoudai.

Jumatano, 12 Julai

Sketi ya marinda, sare ya mwaka wa kwanza, aliyoninunulia Mama mwaka wa korona haikuwahi kutoka kwenye mfuko wake. Leo imetoka. Inabana kiunoni, sitaki kuulizwa kwa nini. Soksi nyeupe, viatu vyeupe, kibao cha jina shingoni, nimekikata mwenyewe kwenye boksi la mayai. Sheria, mwaka wa kwanza. Nilipita mbele ya wenzangu wa darasa, hawakunitambua. Mmoja alinisogeza pembeni kwa kiwiko!

Jana asubuhi nilimtundikia Khaopun mlangoni pakiti ya nyenje wa kukaanga, na kikaratasi: 'Bibi yako ana watoto elfu thelathini, wote wanapiga kelele.' Kidokezo cha haki kabisa. Nyenje wa utafiti wangu wako elfu thelathini bandani nyuma ya kitivo, na kelele zao zinasikika hadi kantini.

Leo baada ya bwawa akanionyesha kikaratasi. Wewe wa Sheria una akili, akasema, hebu nisaidie.

Basi nikamsaidia. Nikakunja uso. Nikasema watoto wengi wenye kelele ni kwaya ya kushangilia, na anayeiongoza ni yule wa mwaka wa nne, mnene, Yot. Lazima ndiye babu, amejiita bibi kukuzuga. Khaopun akanikumbatia akiwa bado ameloa.

Tabu kidogo: akaniuliza habari ya sheria. Mashua za kuchimba mchanga zinatikisa vizimba vya baba yake, je anaweza kushtaki? Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema ibara.

Alhamisi, 13 Julai

Khaopun alikwenda mbele ya Yot na watu wote, akapiga goti, akasema, Babu, nimekujua. Yot akawa mwekundu kama pilipili. Alidhani anatongozwa! Akakimbia, kaacha na maiki yake.

Kukisia vibaya adhabu yake ni kucheza mbele ya kantini. Khaopun alicheza kuku anayetaga, wimbo mzima. Nilikuwa nyuma ya nguzo, naumwa mbavu. Hakuona haya hata kidogo. Mwishoni alitaga kweli: alitoa yai mfukoni! Wapishi walimpigia makofi kwa miiko.

Damu yangu hiyo.

Jumatano, 19 Julai

Mimi nazama. Wenzangu wote wanaelea, hata yule wa Uhandisi mwenye miguu ya korongo. Mimi naweka uso majini, nahesabu mbili, halafu nashtukia niko chini naangalia vigae.

Khaopun alinivuta juu kwa kamba ya nguo yangu mara tatu. Akasema nina bahati, kwao mtoto anayezama hivi hufungwa madumu kiunoni mpaka aolewe. Kisha akasema atanifundisha. Jumanne na Ijumaa mchana, bwawa likiwa halina darasa. Nikamuuliza atataka nini. Akasema, we nisaidie tu kumsaka yule bibi bahili.

Bahili! Pakiti mbili za nyenje, maziwa ya soya, tambi za kukoroga, kalamu yenye kichwa cha paka. Bahili!

Jumatano, 26 Julai

Nusura!

Nilikuwa bandani nawalisha nyenje, sketi yangu ya mwaka wa nne, jina langu kifuani. Nikasikia sauti yake nje. Amefikiri mwenyewe, bila wakili wake. Watoto elfu thelathini, kelele. Anataka kuingia.

Nikajirusha nyuma ya rafu na kujifunika trei za mayai, zile wanamolala nyenje. Wakahamia kwangu. Shingoni, kwapani, mmoja akaingia sikio la kushoto akaanza kuimba. Kop alikuwa mlangoni, maskini. Hajui kusema uongo. Alisema banda lina karantini. Khaopun akauliza ugonjwa gani. Kop akasema, wa aibu.

Wa aibu! Nyenje wana ugonjwa wa aibu!

Khaopun akatazama ndani, akasema kwa sauti, Bibi, kama uko humo, kalamu ya paka haiandiki. Akaondoka. Nilikaa robo saa nzima bila kupumua vizuri, na ajabu ni kwamba ndivyo alivyonifundisha jana: vuta, shikilia, achia polepole. Nimeiweza kumbe, ila juu ya nchi kavu.

Kop alinitoa nyenje mgongoni kwa kijiti, akaniambia mchezo huu utaniunguza. Nikamwambia mjomba mwema hushika tochi na kunyamaza.

Jumamosi, 29 Julai

Ametuma jibu. Aliacha boksi kwa mlinzi wa kitivo, limeandikwa 'Kwa Bibi, kwa mapenzi'. Nikafungua. Kaa wa mpunga, hai, mkubwa, mwenye hasira za ukoo mzima. Kidole changu cha shahada kina bandeji.

Jioni akaniuliza, kidole kimefanya nini? Nikasema mlango.

Jumatano, 9 Agosti

Mita tisa! Nimeogelea mita tisa bila kugusa kitu. Siri yake ni kwamba Khaopun anakaa upande wa mwisho na kupiga kelele. Si maneno ya maana. Puaa! Puaa! Kila puaa nageuza kichwa, navuta pumzi. Anasema baba yake ndivyo anavyowaita kambale. Mimi sijali, ningeitikia hata kama angeita nguruwe.

Tulikwenda kula papai bichi la kutwanga na wali wa kunata nje ya geti. Alimwambia mama muuzaji aweke pilipili kumi na mbili kwa sababu rafiki yake leo kawa samaki. Nimelia machozi mpaka bweni. Sijui mara ya mwisho nilicheka hivi lini. Mwaka wa kwanza nilikula chakula cha mchana peke yangu miezi minane, mbele ya picha za watu waliozima kamera.

Hata uzi wangu ulikuja kwa posta. Bibi yetu wa wakati ule aliutia kwenye bahasha, nikajifunga mwenyewe mkononi kwa kusaidiwa na meno.

Jumamosi, 12 Agosti

Siku ya akina mama, kwetu ni sikukuu. Bweni tupu, kila mtu kaenda kwao. Mimi nimebaki kwa ajili ya nyenje, wanataga. Nilimpigia Mama, akanieleza habari za gauni dakika arobaini.

Khaopun naye hakwenda. Nilimkuta ngazi za bwawa, bwawa limefungwa kwa kufuli. Nikamuuliza mabasi yamejaa? Akasema mabasi yapo. Anaogopa akienda hatarudi.

Nilitaka kumtania kidogo, akaanza kusema mwenyewe. Hakuwa analia. Anasema hapa kila mtu alimjua kabla yeye hajamjua mtu. Dada na kaka wa kitivo wanalijua jina lake, bweni lake, anachopenda kula, hata kwamba anakoroma. Wanacheka pamoja kisha wananyamaza akipita. Anajua ni desturi, anajua ni kwa mapenzi, na yeye hucheza kuku, hutaga mayai. Lakini akirudi chumbani hujiona kama samaki wa kwenye kioo.

Kisha akasema, 'Wewe peke yako hukunijua. Nilikukuta umeshika ngazi, hujui hata jina langu. Kama si wewe ningekuwa nimeshaondoka.'

Nilisema nini? Nilisema, hmm. Nikamnunulia barafu ya nazi.

Sijacheka leo. Nimekaa na nyenje mpaka jioni. Hawa kweli wana kelele.

Jumatano, 23 Agosti

Nimekata shauri: namwambia. Si leo. Baada ya mtihani.

Naandika sababu ili nizione. Moja, asiponifundisha sitapita. Mbili, nisipopita Mama atalivaa lile gauni kufanyia nini? Sababu zote mbili ni zangu. Nimetafuta ya tatu iliyo yake, sijaipata.

Mita kumi na nne.

Leo sokoni mtoto mmoja wa mwaka wa pili aliunganisha viganja mbele yangu, habari za leo dada Nuan! Khaopun akageuka. Nikasema kanifananisha. Khaopun akasema, we una uso wa kizee, ndiyo maana. Tukacheka wote, mimi zaidi, kwa hofu.

Jumatatu, 4 Septemba

Mita kumi na nane. Ishirini. Kumi na nane tena. Kifua kinawaka.

Amekisia mara ya pili, safari hii kwa ushauri wake mwenyewe: mhasibu wa kitivo, mama wa miaka hamsini na tano! Alidhani Bibi maana yake bibi. Mhasibu kacheza naye mbele ya kantini, wote wawili, kuku na jogoo. Picha iko kila simu ya chuo. Mimi sikuhusika kabisa na jambo hili, na nimesikitika kwamba sikuhusika.

Kufunga uzi ni Jumamosi ya tarehe 16. Mtihani wa kuogelea Jumatano ya tarehe 13. Kati yao siku mbili. Nitamwambia Alhamisi asubuhi, nikiwa nimeshapita, kwa utaratibu, na barafu ya nazi mbili.

Jumatano, 6 Septemba

Balaa.

Mwalimu Bunthom katangaza utaratibu wa mtihani. Watakuja wasimamizi wa nje, hawatujui, kwa hiyo majina hayatatumika. Atasoma namba ya usajili kwa sauti, nzima, mwenye namba asimame na kujitosa. Namba nzima! Yangu inaanza na sita tatu, mwaka niliosajiliwa kwa kalenda yetu ya Kibudha. Zao zote sita sita. Na mwishoni mwa yangu, sifuri tano nane.

Kofia itaficha nini hapo? Hata asiyejua hesabu ataelewa.

Nikamfuata ofisini. Nikaunganisha viganja mpaka kwenye paji la uso. Aliniacha nijieleze, kisha akacheka sana, meno yake yote nimeyaona. Akasema sawa, nije Ijumaa tarehe 15, peke yangu, na wasimamizi wawili. Hakuna mtoto atakayesikia.

Nimepumua! Nimeokoka!

Jumapili, 10 Septemba

Sijaokoka.

Nilikwenda bwawani peke yangu kujaribu, bila Khaopun, kama itakavyokuwa Ijumaa. Mlinzi alikuwa ananitazama. Nikajitosa. Mita tano, sawa. Mita nane, nikangoja puaa. Hakuna puaa. Nikajiambia mwenyewe puaa, nikanywa maji. Nikazama kwenye mita ya kumi na mbili. Nimejaribu mara nne. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili, tisa.

Kop alikuja na taulo. Nikamwomba akae upande wa mwisho apige kelele. Alisema puaa kama mtu anayesoma tangazo. Nilizama kwa kicheko.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Jumatano kuna Khaopun na namba. Ijumaa hakuna namba, hakuna Khaopun.

Nimempigia Mwalimu. Nimemwambia Jumatano. Akauliza mara mbili kama nina hakika.

Jumanne, 12 Septemba

Nilikwenda chumbani kwake kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikavaa na sketi yangu ya kubana, ile ya mwaka wa nne, ili nisiweze kugeuka njiani. Alikuwa hayupo mlangoni, alikuwa sakafuni na boksi, hata hakuitazama sketi.

Baba yake ametuma samaki waliokaushwa kwa basi la asubuhi. Ametenga makundi mawili. Moja ni la Mjomba na Bibi, la Jumamosi. Anasema bibi ni bahili, vidokezo vyake havina kichwa wala miguu, kamchezesha kuku mara mbili, lakini Jumamosi atamfunga uzi mkononi, na mtu anayekufunga uzi humwendei mikono mitupu. Kundi la pili ni kubwa zaidi. Limefungwa kwa jani la ndizi.

Nikauliza la nani.

'Lako, zuzu. Na Jumamosi uje usimame karibu yangu. Wenzangu wote wana mtu wa kuwapiga picha.'

Nikafungua mdomo. Nikasema, Khaopun. Akasema, nini? Nikasema samaki wana harufu nzuri.

Niko hapa na samaki wangu. Nimekula mmoja. Ni mtamu sana, na sijisikii vizuri.

Jumatano, 13 Septemba

Naandikia hapa hapa benchi ya bwawa, karatasi inalowa. Mwalimu kasema tusiongee, hajasema tusiandike.

Nilifika saa mbili kamili nimwambie kabla ya kuanza. Khaopun alikuwa ameshaingia majini kupasha misuli. Nikasimama ukingoni, nikamwita. Filimbi ikalia. Wote benchini.

Wanaanza na wa sita sita kwa mpangilio. Mimi niko mwisho kabisa, chini ya mstari, peke yangu. Wasimamizi ni wanaume wawili wenye fulana za bluu, wanaonekana wana njaa.

Khaopun ameitwa wa kumi. Sita sita, kisha zile za katikati, kisha sifuri tano nane. Ameogelea kwenda na kurudi, hawakumwomba arudi. Alipopita hapa akinitonea maji, akaninong'oneza, umesikia namba yangu? ndiyo hiyo yenye mkosi. Nikasema nisikilize kidogo. Akasema baadaye, we pumua. Akanipiga kofi mgongoni.

Sasa Mwalimu kampa kazi, kwa kuwa ndiye hodari. Anasimama upande wa mwisho na mwanzi mrefu. Anayezama ananyooshewa. Ukiushika mwanzi umeokoka, na umefeli.

Wamebaki sita.

Nimenyanyuka kumwendea. Mwalimu: kaa chini. Nimenyanyuka tena, nimesema naomba kwenda chooni. Mwalimu kanitazama kama anayekumbuka mwaka wa tatu. Nimekaa.

Wanne. Yule wa Uhandisi kapita, kwa shida, miguu yake ikirusha maji hadi kwa wasimamizi. Khaopun alimpigia puaa tatu. Nimeona wivu! Upuuzi gani huu, nimeona wivu.

Wawili.

Ningesema chumbani jana. Ningesema Agosti, ngazini. Ilikuwa ni kusema tu, Khaopun, mimi nilikujua tangu siku ya kwanza, mchana. Maneno hayo hayafiki hata mstari mmoja. Nilichezea mtoto aliyeniamini kwa sababu nilikuwa nafurahi, na nilifurahi kweli, huo nao ni ukweli.

Mmoja.

Ananipungia mkono kutoka kule. Ananionyesha jinsi ya kugeuza kichwa.

Nimeitwa. Sita tatu. Zile za katikati. Sifuri tano nane. Mwalimu ana sauti ya mnadani. Amerudia, maana sijasimama.

Wamegeuka wote. Kuna mtoto anahesabu miaka kwa vidole. Khaopun hahesabu. Mkono wake bado uko juu, ameusahau.

Nimesimama. Nimevaa miwani ya maji, naandika nikiwa nimesimama.

Ameulaza mwanzi chini. Mwalimu anamwambia aushike. Hajaushika. Amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji, pale pale ninapotakiwa kufika.

Hakupaza sauti, lakini bwawa zima limesikia. Kasema, 'Vua hiyo miwani, Bibi. Nikuone.'

Nimeivua. Yuko mbali, sioni vizuri, sijui kama amekasirika au vipi. Mwalimu anasema niweke daftari chini, filimbi iko mdomoni, na Khaopun bado hajasema puaa